Chepkitale: Hukumu ya Bungoma na Funzo Lake kwa Pwani

Mlima Elgon uko mbali na Pwani, mpakani mwa Kenya na Uganda. Lakini kesi iliyoamuliwa Bungoma mwaka 2022 inamgusa kila anayeishi kando ya msitu uliotangazwa kuwa hifadhi, kuanzia Waaweer wa Lamu hadi wazee wa kaya Kwale na Kilifi.

Chepkitale ni wapi?

Ni nyanda za juu za Mlima Elgon upande wa Kenya, katika Kaunti ya Bungoma. Kilele cha mlima huu kina urefu wa mita 4,321, na maji yake huingia katika mito ya Nzoia, Malakisi na Turkwel. Wenyeji wa Chepkitale ni Waogiek, ambao tangu jadi wameishi kwa kuwinda, kurina asali na kufuga.

Waliondolewaje?

Wakati wa ukoloni, mashamba ya walowezi wa Kizungu yalienea Trans Nzoia na Waogiek wakabanwa huko juu. Baada ya uhuru, Chepkitale ilishikwa na baraza la wilaya kama ardhi ya amana. Kuanzia 1971 serikali ilianza kuwahamishia Chebyuk, chini mlimani. Ugawaji wa viwanja vya Chebyuk ukazaa uhasama wa muda mrefu, ambao ulichangia umwagaji damu wa 2006 hadi 2008, enzi za kundi la SLDF na operesheni ya jeshi iliyofuata.

Mwaka 2000, Chepkitale ilitangazwa hifadhi ya kitaifa katika gazeti rasmi la serikali, bila wenyeji kushirikishwa. Tangu hapo, aliyebaki nyumbani kwake akahesabiwa kuwa mvamizi, na nyumba zikachomwa katika operesheni za kuwaondoa.

Mahakama ilisema nini?

Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba kuigeuza Chepkitale kuwa hifadhi kulikiuka sheria, na kwamba ile ni ardhi ya jamii ya Waogiek. Msingi wake ni Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010, ambacho kinahesabu ardhi za mababu, na zile zilizokaliwa kwa jadi na jamii za wawindaji, kuwa ardhi ya jamii.

Kesi hii isichanganywe na ile ya Waogiek wa Mau. Hao walishinda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, Mei 2017, na Juni 2022 Kenya ikaamriwa kuwalipa fidia ya shilingi 157,850,000. Wa Chepkitale walishinda katika mahakama ya hapa nchini.

Je, msitu utakwisha?

Ndilo swali la kila mara. Waogiek walilijibu kabla ya hukumu. Kupitia shirika lao la CIPDP, lenye ofisi Kitale, waliandika sheria zao ndogo, wakazipitisha mwaka 2013. Zinapiga marufuku uchomaji makaa na kilimo cha biashara, na jamii ina askari wake wa kulinda msitu. Anayeishi juu ya chemchemi ana sababu ya kuilinda.

Usimamizi wa pamoja ni nini hasa?

Hapa ndipo penye kiini. Mara nyingi "ushirikishwaji" una maana ya kuitwa mkutanoni, kupewa kibali cha kuokota kuni na kuahidiwa mgao wa kiingilio cha watalii. Kibali hutolewa leo na kufutwa kesho. Mwenye hatimiliki huketi na Shirika la Wanyamapori (KWS) au la Misitu (KFS) kama mwenye nyumba. Bila hati, yeye ni mgeni anayevumiliwa.

Na sisi Pwani?

Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, wanaishi Basuba, Mangai, Milimani na vijiji jirani, wakizungukwa na hifadhi za Boni na Dodori zilizotangazwa miaka ya 1970. Marufuku ya uwindaji ya 1977 iliwanyima riziki yao. Mfano wa upande wa pili ni kaya za Wamijikenda. Kuanzia miaka ya 1990 kadhaa zilitangazwa turathi za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa, huku miko ya wazee ikiendelea kuzilinda. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaonyesha njia ya kusajili. Wanajamii huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, huandika kanuni zao, kisha huomba ardhi ipimwe na kusajiliwa. Mpaka hapo, kaunti huishika ardhi kwa amana tu na haina ruhusa ya kuiuza.

Kwa hiyo kijiji kisingoje gari la wapima ardhi. Wazee waliohai waulizwe sasa mipaka, makaburi na visima vya zamani, na majibu yaandikwe. Waogiek wa Chepkitale walikwenda mahakamani wakiwa na historia yao mkononi. Mzee akifariki bila kuulizwa, ushahidi wake huzikwa naye.