Beringi ya spindeli

Beringi ya spindeli ni kishikizo cha mhimili mkuu wa mashine ya kukereza chuma. Katika mashine kongwe, za aina iliyotumika kwenye karakana za reli na meli, mara nyingi ni bushi mbili za shaba au metali nyeupe, kila moja ikiwa nusu mbili zinazotenganishwa na vibati vyembamba. Kabla ya kuzifungua, fundi huzitia alama, kwani nusu zikibadilishana nafasi haziketi tena sawasawa. Huoshwa kwa mafuta ya taa na kufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi; tambi za oili, ambazo wengi huzisahau, nazo husafishwa. Bushi zikichakaa, mhimili hupakwa rangi ya bluu, ukazungushwa kwa mkono, na sehemu za bushi zilizochukua rangi hukwanguliwa kidogo kidogo. Kupunguza kibati huondoa ulegevu, lakini lazima ibaki nafasi ya utando wa oili, sehemu chache za mia za milimita. Bushi hizi hulainishwa kwa oili nyepesi, si grisi. Katika nyanda za juu za Kigoma, kama Kasulu na Kibondo, vumbi jekundu la kiangazi likichanganyika na oili huzisaga kama msasa.