Kupima Nishati ya Mwili kwa Usahihi: Kazi za Wananchi wa Kyela Zahitaji Kipimo Kinachofaa

Mvuvi wa Matema anayepiga kasia katika Ziwa Nyasa hutumia nishati nyingi akiwa ameketi. Hata hivyo, kipima mwendo kilichofungwa kiunoni mwake kinaweza kumhesabu kuwa amepumzika, kwa kuwa kiuno hakisogei sana. Vilevile, mkulima wa Kyela aliyebeba gunia la mpunga husomeka kama mtu anayetembea bila mzigo.

Katika utafiti, mtu aliyeketi ametulia hukadiriwa kutumia takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Kiwango hicho huitwa MET 1. Tabia bwete ni kuketi, kuegemea au kujilaza mtu akiwa macho, huku akitumia MET 1.5 au pungufu. Kwa hiyo kupiga kasia si tabia bwete, ingawa hufanywa kwa kuketi.

Zipo njia kuu nne za upimaji. Ya kwanza ni kupima oksijeni inayovutwa na kabonidayoksaidi inayotolewa. Ni sahihi, lakini huhitaji barakoa au chumba maalumu. Ya pili ni kunywa maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini kupitia maji pekee, ilhali oksijeni hutoka kupitia maji na hewa. Tofauti yake, inayopimwa katika mkojo, huonesha nishati iliyotumika kwa siku kadhaa. Njia hii haioneshi ni kazi ipi iliyotumia nishati hiyo.

Ya tatu ni vifaa vya kuvaa. Kifaa cha pajani hutofautisha kuketi na kusimama vizuri kuliko cha kiunoni. Vipima mapigo ya moyo navyo huhitaji uangalifu, kwani joto huongeza mapigo hata kazi isipoongezeka. Ya nne ni dodoso, ambalo ni nafuu lakini hutegemea kumbukumbu ya mhojiwa.

Tanzania imechangia elimu hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulitumia maji hayo kwa Wahadzabe 30 wa eneo la Ziwa Eyasi. Ulibaini kuwa, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, nishati yao ya siku haikutofautiana na ya watu wa nchi za Magharibi, ingawa wao hutembea zaidi. Utafiti wa mwaka 2020 ulionesha kuwa Wahadzabe hupumzika takribani saa 10 kwa siku, mara nyingi wakichuchumaa, mkao unaoshughulisha misuli ya miguu kuliko kuketi kitini.

Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima kufanya shughuli za wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mwananchi anayehojiwa kuhusu mazoezi anapaswa kutaja pia kulima, kuvua, kubeba maji na kutembea kwenda sokoni. Akiviacha, takwimu zitamwonesha kuwa amebweteka, na mipango ya afya itajengwa juu ya picha isiyo yake.