Aprili Mjini Unguja: Mvua ya Masika na Tufani ya 1872

Leo tutaweka jembe kando kidogo, tukae barazani, tuzungumze historia. Lakini msidhani tunaacha ukulima. Historia ya leo ni ya mvua na upepo, na vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoamua kama mkulima atacheka au atalia.

Tutazungumza juu ya mwezi mmoja tu, mwezi wa Aprili, na mji mmoja tu, mji wa Unguja. Kwanza tutazame Aprili ya kawaida ilivyo. Halafu tutaikumbuka Aprili moja ambayo haikuwa ya kawaida hata kidogo, Aprili ya mwaka 1872.

Haya, tuanze na hali ya kawaida.

Mji wa Unguja uko digrii 6 hivi kusini ya Ikweta. Baridi ya kweli haupati. Katika mwezi wa Aprili joto la mchana hufika digrii 30 hivi za sentigredi, na usiku hushuka mpaka 24 au 25. Kinachousumbua mwili si joto lenyewe, ni unyevu wa hewa. Nguo ulizofua asubuhi zinakuwa bado mbichi jioni. Chumvi inalowa kibakulini. Ngozi ya viatu inaota ukungu. Katika Mji Mkongwe, kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji, na plasta hubanduka vipande vipande.

Na mvua je? Aprili ndiyo kilele cha masika. Kwa mwaka mzima mji hupata milimita 1,500 na ushei, na Aprili peke yake huchukua zaidi ya milimita 300. Pengine mtu atauliza, milimita 300 ni kitu gani? Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Eka moja ina mita za mraba 4,000 hivi. Basi milimita 300 kwenye eka moja ni lita 1,200,000, yaani mapipa 6,000 ya lita mia mbili mbili. Maji yote hayo yanaanguka juu ya eka moja tu, mwezi mmoja tu! Ndiyo maana mvua ya Aprili hulisha bonde la mpunga, na mvua hiyo hiyo ikikuta shamba la mteremko lisilo na makinga maji, huondoka na udongo wako ikaupeleka baharini.

Mjini maji hayo nayo yanatafuta pa kwenda. Zamani kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari, na daraja lililouvuka ndilo lililotupa jina la Darajani. Baadaye mkono huo ulifukiwa na barabara ikapita juu yake. Mwanakwerekwe nako, watu wa Unguja wanajua vizuri jinsi masika yakizidi bwawa lilivyokuwa likifunika njia. Maji hayasahau njia yake ya zamani, na anayejenga bondeni ni vyema akumbuke hilo.

Sasa tuzungumze upepo. Watu wa mwambao hawakungoja vipimo vya kisasa ndipo wajue majira. Kuanzia Disemba mpaka Machi huvuma kaskazi. Kuanzia Aprili kusi huanza kushika. Zaidi ya hayo wazee walikuwa na hesabu yao ya miongo. Mwaka ulianza siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi huisherehekea mpaka leo kwa Mwaka Kogwa katika mwezi wa Julai, kisha siku zikahesabiwa kumi kumi. Kila kumi ni mwongo. Ukianza kuhesabu katika wiki ya nne ya Julai, mwezi wa Aprili unaangukia baina ya siku ya 250 na siku ya 280 hivi. Mkulima alijua ni mwongo gani wa kupanda, na nahodha alijua ni mwongo gani wa kutweka tanga.

Kwa hiyo Aprili ilikuwa mwezi wa kugeuka. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalikuwa bandarini, mengine yakipakia, mengine yakingoja kusi ya mwanzo yaondokee kabla bahari haijachafuka. Shambani mpunga ulikuwa umekwisha ota, na watu walikuwa wakipalilia. Mikarafuu ilikuwa imesimama kwenye udongo uliolowa, ikingoja msimu wa kuchuma uanze baadaye, kuanzia Julai. Hiyo ndiyo Aprili ya kawaida, na hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ilipofika tarehe 15 Aprili 1872.

Mji wenyewe ulikuwa haujapona sawasawa. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliupiga na kuua watu wengi sana. Seyyid Barghash alikuwa ameshika utawala mwezi Oktoba 1870. Utajiri wa nchi ulitegemea karafuu, minazi na biashara ya baharini, nayo biashara hiyo, tusifichane, ilikuwa pamoja na biashara ya watumwa.

Basi siku hiyo ikaja tufani. Haikuwa ile dhoruba ya masika tuliyoizoea, inayovuma saa moja na kupita. Kilikuwa kimbunga hasa, upepo unaozunguka, wenye kitovu katikati. Na tabia ya kimbunga ni hii: kwanza upepo hukupiga kutoka upande mmoja. Kitovu kikikupitia hutulia ghafla, ukadhani mambo yamekwisha, ukatoka nje kutazama hasara. Kumbe bado nusu ya pili. Upepo unarudi kutoka upande wa pili, na mti au ukuta uliokwisha legezwa mwanzo ndipo unapoanguka.

Bandarini karibu kila chombo kilivunjika, kikazama au kikatupwa pwani. Seyyid Barghash alipoteza meli zake. Meli ya Glasgow, aliyoiagiza baadaye kutoka Uingereza, ikafika mwaka 1878, ilikuja kujaza pengo hilo.

Ng'ambo ya bahari hali ilikuwa hiyo hiyo. Bagamoyo, misheni ya mapadre iliyofunguliwa mwaka 1868 ilibomolewa. Bara nako kulikuwa na mafuriko makubwa. Henry Morton Stanley alikuwa njiani akirudi pwani baada ya kuonana na Livingstone, akavuka Makata kwa tabu kubwa, maji yamejaa kila mahali. Aliandika kwamba mto Ngerengere ulifurika ukauvunja mji wa Simbamwenni, mahali palipo Morogoro ya leo, ukachukua sehemu ya ukuta wake na nyumba nyingi. Ndugu mkulima wa Morogoro unayetusoma, unaona basi kwamba habari hii si ya Waunguja peke yao.

Lakini hasara iliyodumu kuliko zote ilikuwa mashambani Unguja. Inakadiriwa kwamba theluthi mbili hivi ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangushwa. Fikirini vizuri jambo hili. Mahindi yakiangushwa na upepo, mwaka huu utapata njaa, lakini mwakani utapanda tena. Mkarafuu si mahindi. Ukiupanda leo utangoja miaka sita, saba, hata minane ndipo uone karafuu za kwanza, na miaka mingi zaidi mpaka uzae kwa nguvu zake zote. Mtu aliyeangukiwa na shamba siku ile alipoteza jasho la ujana wake kwa siku moja.

Na kwa nini miti mingi hivyo ilianguka? Sababu moja ni upepo wenyewe, hilo ni wazi. Sababu ya pili ni mwezi wenyewe. Katika Aprili ardhi imeshiba maji, na udongo uliolowa haushiki mzizi kama udongo mkavu. Tena majani ni mengi kwa sababu ya mvua, na mti wenye majani mengi ni kama jahazi lililotweka tanga zima.

Sasa sikilizeni lililofuata. Kisiwa cha Pemba, kilichoko kilomita 50 hivi tu kutoka Unguja, kilinusurika kwa sehemu kubwa. Mikarafuu yake ilibaki imesimama. Karafuu zikaadimika duniani, bei ikapanda, na wenye mali wakakimbilia kupanda mikarafuu zaidi huko Pemba. Mpaka wakati ule Unguja ndiyo iliyokuwa mbele. Miti mipya ilipoanza kuzaa, Pemba ikaipita Unguja, na haikurudi nyuma tena. Mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Ukimwuliza mtu kwa nini, atakwambia udongo wa Pemba ni mzuri na mvua zake ni nzuri. Ni kweli. Lakini usisahau na siku ile moja ya Aprili.

Kisa hiki kina upande mwingine unaouma. Miti ile mipya ilipandwa na nani? Ilipandwa na watumwa. Mwaka uliofuata Waingereza walimbana Seyyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa ya baharini. Yeye akajitetea kwa hoja mbalimbali, na mojawapo ilikuwa hiyo tufani, kwamba mashamba yameharibika na nchi imefilisika. Hawakumsikiliza. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Lakini kufunga soko si kuwapa watu uhuru wao. Utumwa wenyewe uliendelea mashambani, na sheria ya kuuondoa ilikuja mwaka 1897 tu. Kwa hiyo katika miaka yote ile ya kufufua karafuu, aliyechimba shimo na kubeba mche hakuwa na mti hata mmoja. Upepo ulimwondolea tajiri mali yake, na mtumwa ndiye aliyeirudisha kwa mgongo wake.

Hata matajiri hawakufaidi kwa muda mrefu. Kila mtu alikuwa amepanda karafuu kwa sababu bei ni nzuri, miti ikazaa kwa wakati mmoja, karafuu zikajaa sokoni, na bei ikaporomoka. Jambo hilo tunalijua sisi wakulima, si ndiyo? Ndilo lile lile tunaloliona katika vitunguu na nyanya mpaka leo.

Mwisho wa mambo, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilitaifishwa, na kuanzia 1965 wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Watu wengi ambao wazee wao walikuwa wakipanda na kuchuma miti ya wengine, wakapata miti ya kuangalia wao wenyewe. Na hapo ndipo habari ya Aprili inapotuhusu sisi hasa. Zamani upepo ukiangusha mti, ulimwangusha bwana mkubwa mwenye mashamba mengi. Siku hizi, mwenye eka tatu akiangukiwa na miti yake, hana shamba la pili la kukimbilia.

Je, tufani kama ile inaweza kurudi? Vimbunga ni nadra karibu na Ikweta, kwa sababu nguvu ya mzunguko wa dunia inayoufanya upepo uzunguke ni hafifu sana huku kwetu. Nadra, lakini si muhali. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Komoro kikaingia kaskazini ya Msumbiji, na Mtwara ikakaa roho juu. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea Dar es Salaam, kikafika kimekwisha nguvu. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaleta uharibifu mkubwa mikoa ya kusini. Mnaiona miezi hiyo? Ni ile ile ya masika, wakati ardhi imelowa na bahari bado ina joto.

Basi tujifunze nini? Kwanza, tusiweke maisha yetu yote katika zao moja. Penye mikarafuu pawe na ndizi, pawe na muhogo, pawe na minazi, ili mti ukianguka chungu kisianguke nao. Pili, tupande miti ya kukinga upepo upande wa kusi. Tatu, tusingoje shamba lizeeke lote. Kila masika tupande miche michache kuziba mapengo, kwani ardhi iliyolowa inayoangusha mti mkubwa ndiyo hiyo hiyo inayoshikisha mche mdogo. Nne, tusikilize utabiri. Mwaka 1872 hapakuwa na mtu wa kumwonya nahodha wala mkulima. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kabla hayajaanza, na ikitoa tahadhari ya upepo mkali, husomwa redioni. Ukisikia, mwambie na jirani asiye na redio.

Na wewe kijana, mwulize babu yako habari za miongo. Kalenda ya ukutani na mwongo wa babu havigombani.

Ndugu wakulima, kwa leo tukomee hapa. Mvua ziwe za heri, na upepo uwe wa kiasi. Kwaherini.