Juma la Maasi: Askari wa Tanganyika, Januari 1964

Mtu afikaye Feri katika mji wa Dar es Salaam wakati wa asubuhi huona mambo mengi kwa mara moja. Huwaona wavuvi wakishusha samaki, wachuuzi wakinadi, na watu wengi wakiingojea pantoni iwavushe kwenda Kigamboni. Na karibu nao, katika bustani zake, yasimama Ikulu ya Magogoni. Mlango huo wa bandari ni mwembamba. Mtu huvuka kabla hajamaliza mazungumzo yake na jirani. Walakini palikuwa na usiku mmoja ambapo maji hayo membamba yalikuwa kinga ya wakuu wa nchi. Katika giza la kuamkia Jumatatu, tarehe 20 Januari 1964, Rais Julius Nyerere na Makamu wake Rashidi Kawawa walitolewa Ikulu, wakavushwa ng'ambo ya Kigamboni, wakafichwa huko. Hawakumkimbia adui wa kigeni. Waliowaasi walikuwa askari wao wenyewe.

Vijana wengi tunaowafundisha hawaijui habari hii, na wazee waliyoiona kwa macho wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo twaona yafaa iandikwe, tuone jinsi ilivyoanza na jinsi ilivyokwisha.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Jeshi lililokuwa sehemu ya King's African Rifles likapewa jina la Tanganyika Rifles. Bendera ilikuwa mpya na jina lilikuwa jipya, lakini askari alipotazama mbele yake katika gwaride aliwaona wakubwa wale wale, Waingereza, nao Waafrika wenye cheo cha afisa walikuwa wachache mno. Hata kambi yao iliyo kando ya njia ya Bagamoyo iliitwa Colito, kwa jina la mahali katika nchi ya Uhabeshi ambapo King's African Rifles walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Tena mshahara wa askari wa chini ulikuwa kama shilingi 105 kwa mwezi. Naye alipokwenda mjini aliwaona wenzake wa siku za shule wamekuwa makarani wakubwa na mabwana shauri, kwa maana katika ofisi za serikali Waafrika walipandishwa upesi.

Serikali nayo ilikuwa na neno lake. Afisa wa jeshi hafanywi kwa siku moja. Hana budi kufundishwa, na mafunzo yataka miaka na fedha. Nchi ilikuwa maskini, nayo ilitaka shule na hospitali kabla ya bunduki. Kisha mwanzoni mwa Januari 1964 Rais alitangaza ya kuwa tangu sasa katika kazi za serikali raia wote watahesabiwa sawa, bila kutazama rangi. Neno hili lilikuwa jema, nasi twaliheshimu hata leo. Lakini askari aliyekuwa akingoja zamu yake alilisikia kwa namna nyingine: alidhani mlango umefungwa kabla yeye hajaingia. Wala hatujui kwamba alitokea mtu wa kukaa naye na kumweleza.

Siku zenyewe zilikuwa za msukosuko. Tarehe 12 Januari palitokea mapinduzi Unguja, na serikali ya Sultani ikaanguka. Kikosi cha polisi kikapelekwa huko kutoka Dar es Salaam ili kusaidia kurudisha amani, na hivyo mji ukapungukiwa na walinzi. Askari wa Colito wakaona pia jinsi serikali iwezavyo kuanguka kwa usiku mmoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 wakainuka. Waliwakamata maafisa wao Waingereza, ambao baadaye walitiwa katika ndege wakapelekwa Nairobi. Wakaingia mjini, wakashika nyumba ya redio, kiwanja cha ndege, na nyumba ya simu. Wengine wakaenda Ikulu kumtafuta Rais, wasimwone. Waziri Oscar Kambona alikwenda kambini kusema nao, akiwa amezungukwa na watu wenye silaha na hasira. Walitaka mambo mawili: maafisa Waingereza waondoke na Waafrika washike mahali pao, na mshahara uongezwe ufike shilingi 260. Hawakusema kwamba wataka kutawala nchi. Lakini mtu mwenye bunduki akiisha kuona kwamba serikali yamwogopa, nani ajuaye atataka nini kesho yake?

Mchana wa siku ile ulikuwa mbaya kuliko usiku, hasa upande wa Kariakoo. Jina la mtaa huo lina habari yake. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps kwa Kiingereza, na watu wetu wakalitamka Kariakoo. Wapagazi hao walichukua mizigo ya jeshi katika pori na mvua. Maelfu walikufa kwa maradhi, na ujira wa wengi haukuwafikia jamaa zao kamwe. Basi mahali palipoitwa kwa jina la wapagazi wa vita, ndipo ugomvi wa mshahara wa askari ulipomwagika. Watu walipoona hapana polisi wala sheria, walivunja maduka ya Wahindi na Waarabu wakapora nguo, vyakula na vyombo; na baadhi ya askari waliokuwa na silaha wakajiunga nao. Zaidi ya watu kumi walipoteza maisha katika mji siku ile.

Tuitazame habari hii vizuri. Mwenye duka dogo, auzaye chumvi na mafuta ya taa kwa kibaba, hakuupanga mshahara wa askari, wala hakumnyima mtu cheo. Alikuwa karibu tu, na rangi yake ilikuwa nyingine. Aliyechukua doti ya kanga katika duka lililovunjwa alirudi kwake akisema uhuru sasa umekuja. Walakini jirani yake alikuwa akilia juu ya maiti.

Maasi yakaenea. Tarehe 21 askari wa Tabora nao wakaasi. Jioni ile Rais akasema na watu katika redio, na siku ya pili akatembea mjini, watu wamwone na kutulia. Lakini moto ulikuwa umevuka mipaka: tarehe 23 askari wa Jinja katika Uganda wakaasi, na tarehe 24 wale wa Lanet karibu na Nakuru katika Kenya. Katika nchi zote tatu sababu zilifanana, mshahara na vyeo. Wala hawakuwa wa kwanza katika Afrika. Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na haikupita hata juma moja askari wakawaasi wakubwa wao Wabelgiji. Katika Togo, Januari 1963, Rais Sylvanus Olympio aliuawa na askari waliorudi kutoka jeshi la Ufaransa wakanyimwa kazi katika jeshi la nchi yao.

Mwisho Rais Nyerere alifanya jambo lililomchoma moyo. Aliwaomba Waingereza msaada, yaani watu wale wale walioshusha bendera yao miaka miwili tu iliyopita. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 25 Januari, manowari Centaur ikiwa karibu na pwani, askari wa baharini wakashushwa kwa helikopta huko Colito. Mapigano hayakuchukua muda mrefu; waasi wachache waliuawa, wengi wakatupa silaha. Uganda na Kenya pia ziliita Waingereza. Rais hakuificha aibu hiyo. Aliisema mbele ya watu. Mwezi wa Februari aliwaita wajumbe wa nchi huru za Afrika wakutane Dar es Salaam, na baada ya shauri lao askari wa Nigeria wakaja kushika mahali pa Waingereza mpaka jeshi jipya liwe tayari.

Jeshi la zamani likavunjwa. Vijana wakaandikwa upya, wengi kutoka umoja wa vijana wa TANU, na baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana tarehe 26 Aprili, Jeshi la Wananchi likaanzishwa tarehe 1 Septemba 1964. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya. Kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali katika Uhehe ambapo watu wa Mkwawa waliwashinda Wadachi mwaka 1891. Tangu hapo maasi kama yale hayakurudi katika nchi yetu, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Walakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuandika nusu. Baada ya maasi viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walitiwa kizuizini, wengine kwa kudhaniwa tu kwamba walisemezana na askari. Vyama vyao vikavunjwa mwaka ule ule, kikawekwa kimoja, NUTA, chini ya mkono wa serikali. Mwaka 1965 sheria ikakubali chama kimoja tu cha siasa. Shauri hilo lilianza kabla ya maasi, lakini hofu ya juma lile iliwafanya watu walikubali upesi, na vyama vingi havikurudi mpaka mwaka 1992. Hivyo amani ilipatikana, nayo ilikuwa na bei yake: midomo mingi isiyokuwa na hatia ilifungwa pamoja na ile yenye hatia.

Sisi tusomao Injili twajua Yohana Mbatizaji alivyowajibu askari waliomwendea mtoni: wasimdhulumu mtu, waridhike na mshahara wao. Waasi wa Colito na waporaji wa Kariakoo walihukumiwa na neno hilo. Lakini katika waraka wake Yakobo awaonya wenye mali ya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Maneno haya mawili yamo katika Kitabu kimoja, wala hatuna ruhusa ya kusoma moja na kuruka la pili. Wakubwa wapendao kumsomea askari, au mtumishi, au kibarua, neno la Yohana, na waanze kwa kujisomea wenyewe lile la Yakobo.

Nasi wa vijijini tusiseme hayo ni mambo ya marais na majeshi. Kila kijiji kina kamati yake, kanisa lina wazee wake, na shule ina mwalimu mkuu. Akija mtu na malalamiko yake mchana, akiwa na kofia mkononi, tumpe kiti tumsikilize, hata kama jibu letu ni kwamba fedha hazipo. Mara nyingi mtu huweza kuvumilia umaskini akiisha kuelezwa. Wale wa Colito walikuja usiku, na siku ile hapakuwa tena na nafasi ya kueleza.