Injini za Magavana

Msomaji, ukaapo Kaptembwo, magharibi ya mji wa Nakuru, kumbuka kwamba mji huu ulikuzwa na reli iliyofika hapa mwaka 1900. Kutoka Nakuru, njia ya kwenda Uganda hupanda mpaka Timboroa, zaidi ya meta 2,700 juu ya usawa wa bahari. Reli zilikuwa nyepesi na kona nyingi. Injini nzito ya kawaida ingaliziharibu.

Dawa yake ilikuwa injini ya namna ya Garratt. Birika kubwa la mvuke lilikaa katikati, na mitambo miwili yenye magurudumu yake ikakaa mbele na nyuma. Hivyo uzito ulitawanyika, na injini ikajipinda penye kona mithili ya nyoka. Mwaka 1953 na 1954 Afrika ya Mashariki ilipokea injini 29 za daraja la 60: 12 ziliundwa Ufaransa, na 17 Manchester, Uingereza.

Hapo kwanza kila moja ilibeba jina la gavana wa Kenya, Uganda au Tanganyika. Watunza moto wake, na waliotandika reli, hawakupewa hata bamba moja. Nchi hizo zilijitawala kati ya 1961 na 1963, na baadaye mabamba yote ya magavana yakabanduliwa. Je, injini zilipungukiwa na nguvu? Hasha! Ziliendelea kuvuta mizigo kama kwanza.

Basi fahamu, msomaji: jina hubandikwa na kubanduliwa, nguvu ya gari ni moto, na moto una mtunzaji wake.