Hewa Nje ya Pafu

Boda boda ikipata ajali Mata, katika eneo la Taveta, majeruhi aliyegongwa kifuani hukimbizwa hospitali ya Taveta, na akizidiwa hupewa rufaa hadi Hospitali ya Moi mjini Voi. Taveta hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100. Kabla ya kumpakia kwenye ambulensi, kuna jambo la lazima kujua: je, pafu limetoboka na kuvujisha hewa kifuani?

Madaktari huiita hali hiyo nyumothoraksi, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki ya hewa na kifua. Tafsiri inayotujia haraka ni "pafu lililoporomoka", nami siipendi. Pafu haliporomoki. Linanywea, kwa sababu hewa imenaswa kati yake na ukuta wa kifua. Tena pafu linaweza kunywea kwa sababu nyingine kabisa, makohozi yakiziba njia ya hewa; hapo nje ya pafu hakuna hewa yoyote ya kutolewa, na kumtoboa mgonjwa kifua ni kumwongezea jeraha. Kwa hiyo naomba tuseme "hewa nje ya pafu". Muuguzi akisikia hivyo anajua tatizo liko wapi.

Altrasaundi huitambua hewa hiyo kwa njia ya ajabu kidogo, maana mawimbi yake hayapenyi hewa. Kinachotazamwa ni tando mbili: moja imelivika pafu, nyingine imeshikamana na kifua kwa ndani. Mgonjwa hulazwa chali, hewa iliyovuja ipande mbele, kisha kifaa huwekwa kati ya mbavu, chini ya mtulinga. Kwenye skrini tando huonekana kama mstari mmoja mweupe. Kila pumzi, mstari huo huchezacheza: ni utando wa pafu unaoteleza juu ya mwenzake. Huo ndio mtelezo wa pafu. Ukiuona, mahali pale ulipoweka kifaa hakuna hewa iliyovuja.

Daniel Lichtenstein, daktari Mfaransa wa wagonjwa mahututi, aliandika kuhusu ishara hii mwaka 1995 pamoja na mwenzake Menu. Lakini tangu 1986 daktari wa mifugo, Rantanen, alikuwa ameshaieleza kwa farasi.

Mtelezo usipoonekana, usikimbilie kuhukumu. Makovu ya kifua kikuu huweza kuzigandisha tando hizo, na mgonjwa asiyepumua hana mtelezo. Sogeza kifaa pole pole kuelekea ubavuni hadi mahali ambapo mtelezo unakuja na kutoweka kwa kila pumzi. Hapo ndipo pafu lililonywea linapogusa tena ukuta wa kifua. Napaita kikomo cha pafu. Ukikipata, hewa ipo, na shaka imekwisha. Eksirei ya mgonjwa aliyelala chali hukosa wengi ambao altrasaundi huwanasa.

Vifaa vya mkononi vya altrasaundi vimeanza kuwafikia wakunga wa Kenya kwa ajili ya wajawazito. Vingi vyaweza kutazama mapafu pia, na ningetaka sana kila zahanati yenye kifaa hicho ifundishwe hivyo.

Ila mgonjwa akihema kwa taabu, presha ikaporomoka, na upande mmoja wa kifua ukawa kimya, usisubiri picha yoyote. Sindano ya kutoa hewa kwanza: kwa mtu mzima, nafasi ya nne au ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa.