Kodi, Usajili na Sanduku Letu



Tulipoanza kuweka hisa hapa Babati miaka kumi iliyopita, wengi wetu tuliijua Serikali kwa sura ya mgambo tu. Tumekulia enzi za kodi ya maendeleo, ile watu waliyoikimbia mpaka porini. Ilifutwa mwaka 2003, lakini woga haukufutwa. Mama ana genge lake la nyanya, akisikia neno leseni anakunja turubai.

Mwaka 2017 ulitufundisha. India iliweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje, bei huku kwetu ikaporomoka, na akina mama waliokopa kwenye sanduku kununua mbaazi wakabaki na magunia ndani. Mwaka huo huo Bunge lilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaruhusiwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine bila ushuru. Baadaye mwenzetu mwenye magunia 8 ya mahindi akadaiwa kizuizini. Akauliza, "Baba, gunia nane zinafika tani?" Akaachiwa.

Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali, sh. 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi sh. milioni 4 kwa mwaka. Hivyo tulivichukua bila maneno.

Kilichotutikisa ni Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Ilitaka vikundi vya kuweka na kukopa visajiliwe, sisi tukisajiliwa halmashauri kwa niaba ya Benki Kuu. Mkutano ule, jamani! Wapo waliosema tukiandikisha majina hela zetu zitakatwa kodi. Wengine walitaka tugawane tuachane. Tulibishana Jumapili tatu. Mwisho mama mmoja akauliza: bila cheti, mdaiwa akitoroka tunamshtaki wapi, na kwa jina la nani? Hapo wengi wakanyamaza. Wanachama 4 walichukua hisa zao wakaondoka, tukawalipa zote. Tuliobaki tukaandika katiba, tukaipeleka.

Kwa cheti kile tulipata mkopo wa halmashauri usio na riba, katika ile asilimia 4 ya mapato inayotengwa kwa akina mama. Mikopo hiyo iliposimamishwa Aprili 2023 tuliishi kwa hisa zetu, mpaka iliporudishwa 2024.

Wawili kati ya wale wanne wamesharudi. Wameanza na hisa mpya, kama katiba inavyosema.